Naomba ushauri: nimweleweshe vipi mwanafunzi kuhusu 4,294,967,297?

Habari za jioni wakuu. Niko Masasi, Mtwara, nafundisha tuisheni ya hesabu kwa watoto wa kidato cha pili, barazani kwangu. Juzi niliwaandikia ubaoni 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mwanahisabati Fermat aliamini ni namba tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha kuwa ni 641 mara 6,700,417.

Binti mmoja alikomaa nayo kabla sijawapa jibu. Alijumlisha tarakimu akapata 59, basi 3 haigawi. Akajaza kurasa nne kwa penseli, akigawa kwa namba tasa moja moja mpaka kufika 97: "Mwalimu, hii ni tasa." Nikamwambia Euler hakujaribu zote. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibaki 1. Kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, kisha 641 yenyewe. Mara ya tano tu!

Akauliza, "Kwa nini 64?"

Hapo nikakwama. Uthibitisho naujua, ila unapitia hesabu za baki ambazo hawajasoma. Mnaofundisha, mngeanzia wapi? Nafikiria kutumia saa ya ukutani, kwa kuwa nayo ikipita 12 huanza tena 1, kama baki. Huyu mtoto hataki kukariri, nami sitaki akariri.