Naombeni ushauri: sindano za Kichina za kupunguza mwili, zinafanya kazi kweli?

Nyundo Baridi:
Wakuu habari zenu. Nina miaka 29, kilo 94, sendoff ni Desemba na fundi kila nikienda kupima gauni anaongeza kitambaa huku anaguna. Kuna kliniki ya Wachina hapa mjini wanachoma zile sindano nyembamba tumboni na miguuni, wanaziunganisha na kimashine cha umeme, halafu sikioni wanabandika vimbegu kwa plasta, njaa ikikubana unaviminya. Wanasema unapungua bila diet. Aliyewahi kufanya anipe mrejesho, ni kweli au upigaji? Habari za kuacha chips msiniletee.

Mama Kachumbari:
Acha chips mdogo wangu.

Shombo la Feri:
Mimi mgongo ulinikamata baada ya kubeba jenereta la jirani (mpaka leo hajasema asante), nikachomwa hizo hizo. Haziumi, hazina dawa ndani, ni kasindano kama unywele tu. Mgongo ukatulia. Kitambi kipo na kinaendelea vizuri.

Kijana wa Zamani:
Jamaa kakutolea mahari ukiwa na kilo zako zote, sasa unampunguzia mali ya nini? Dada zetu mna shida.

Zamu ya Usiku:
Dada, tafiti zipo ila nyingi ni ndogo, na wengi waliochomwa walipunguza na kula hapo hapo, sasa utajuaje kilichosaidia ni kipi. Ukienda, sindano zifunguliwe kwenye pakiti unaona, zikirudiwa unaondoka na homa ya ini. Halafu uliza kama wana kibali cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ila niambie, wamekupa na kitu cha kumeza?

Nyundo Baridi:
Mbona mnarukia mengine, mimi nimeuliza sindano.

Zamu ya Usiku:
Wamekupa au hawajakupa?

Nyundo Baridi:
Kuna vidonge vya kijani, kimoja asubuhi. Ni mitishamba tu jamani. Na nusu ya hela nimeshalipa, ya kikoba, hawarudishi, kwa hiyo msianze niache niache. Nimeshapungua kilo nne, maana yake sindano zinafanya kazi. Tatizo usingizi sipati na nikipanda ngazi moyo unakimbia, ndo nikawa najiuliza au wamenichoma mshipa.

Zamu ya Usiku:
Sasa hapo ndo ulitakiwa kuanzia. Vidonge vingi vya kukonda vinavyouzwa kama mitishamba vilishakutwa na sibutramini ndani, na kwenye boksi haiandikwi. Inakata njaa kweli, lakini inapandisha presha na mapigo ya moyo, Ulaya na Marekani waliitoa sokoni 2010 kwa sababu ya shtuko la moyo na kiharusi. Vyako siwezi kujua vina nini, ila acha leo, nenda hospitali na boksi lake. Presha unayo?

Nyundo Baridi:
Ya kurithi. Dawa nameza nikikumbuka. Lakini Desemba si mbali, nimalizie tu dozi halafu niache?

Zamu ya Usiku:
Hapana. Na dawa ya presha uikumbuke kila siku.

Chumvi Nyingi:
Wakuu mnanyweshwa chai. Huyu Nyundo Baridi mwezi wa nne alikuwa anauza Vitz, na uzi mwingine akaomba ushauri mke wake karudi kwao Singida. Leo bi harusi! Subirini, ukurasa wa pili anaweka namba ya kliniki.

Nyundo Baridi:
Akaunti ni ya kaka, natumia simu yake.

Kijana wa Zamani:
Kaka gani anamwachia dada simu mpaka usiku huu.

Mama Kachumbari:
Huyo wifi wa Singida alirudi?

Zamu ya Usiku:
Iwe chai iwe uji, mwenye hivyo vidonge anayesoma kimya kimya akapime presha.

Shombo la Feri:
Samahani nje ya mada, ile Vitz ilishapata mtu?

Nyundo Baridi:
Bado. Njoo PM.