Nafasi ya kolamu kwa jina lake: get_loc, index au get_indexer?

mpanga_jedwali: Habari zenu. Napokea faili la CSV ambalo mpangilio wa kolamu hubadilika kila mara. "uzito" ilikuwa ya 7, leo ni ya 9, na programu yangu bado inasoma ya 7. Kwenye pandas (maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali) nimeona njia hizo tatu za kupata nafasi ya kolamu. Mnatumia ipi?

Sefu_D: Kwani unahitaji namba? df["uzito"] inatosha, df ikiwa ni jedwali lako.

mpanga_jedwali: Nataka kuchomeka kolamu mpya ubavuni mwake, na df.insert inadai namba.

nyuzi_na_namba: Basi df.columns.get_loc("uzito"). Jina lisipokuwepo unapata KeyError hapo hapo na kazi inasimama. list(df.columns).index("uzito") nayo husimama, ila majina yakijirudia hukupa nafasi ya kwanza na kunyamaza. get_loc ikikuta majina pacha hairudishi namba moja, hurudisha slaisi (masafa ya nafasi) au mfululizo wa True na False. Inakera, lakini unajua mapema kwamba jedwali lina kasoro.

Mama_Takwimu: get_indexer inafaa kutafuta majina mengi kwa mkupuo, ila naomba muichukulie kwa tahadhari kubwa. Jina lisipopatikana hurudisha -1, na ukiipeleka -1 kwenye iloc (inayochagua kwa namba ya nafasi) unapewa kolamu ya mwisho bila onyo lolote. Nilijumlisha "mwaka" siku mbili nzima nikiamini ni uzito. Kagua -1 kabla ya hatua yoyote. Kwa jina moja, baki na get_loc.

Sefu_D: Wanaotumia R, lugha ya takwimu: match("uzito", names(df)) hutoa nafasi ya kwanza, au NA (yaani haipo). which(names(df) == "uzito") hutoa zote. grep msiiguse hapa, itaokota hata "uzito_wa_awali". Na R huhesabu kuanzia 1, pandas 0.

kikokotoo: Kwenye Excel ni MATCH, na hoja ya tatu iwe 0. Ukiiacha, Excel huchukulia kuwa vichwa vimepangwa kwa kupanda, na jibu laweza kuwa la uongo.

mpanga_jedwali: Nimejaribu get_loc, KeyError! Kumbe kichwa kimeandikwa "uzito " chenye nafasi tupu mwishoni. Nimeweka df.columns = df.columns.str.strip() kuziondoa na sasa inanipa 8, ndiyo ile ya 9. Nachomeka kwenye 9. Asanteni sana, hasa kwa hiyo -1. Nilikuwa nimeshaandika get_indexer.