Mjadala: Anayeanza kubeba chuma apige skwati na dedilifti mara ngapi kwa wiki?

Mleta mada, Mwanjelwa
Wakuu, poleni na baridi. Ratiba inayozunguka kwenye simu za vijana inasema anayeanza apige skwati (kuchuchumaa na kusimama chuma kikiwa mabegani) Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, seti tano za mara tanotano, kila siku aongeze kilo 2.5. Dedilifti, yaani kunyanyua chuma toka chini mpaka usimame wima, seti moja tu. Kocha wa jimu yetu anasema huo ni uvivu, dedilifti nayo ipigwe siku zote tatu. Mimi napinga. Skwati mara tatu naiunga mkono: uzito bado mdogo na mwili haujazoea kushuka na kupanda sawasawa, kwa hiyo arudierudie. Dedilifti hubebwa kwa uzito mkubwa zaidi na inachosha kiuno. Mara moja, ikizidi sana mbili. Karibuni.

Mnyalu wa Ipogolo
Dedilifti haina uchawi. Ukianza na uzito mwepesi, hata mara tatu hudhuriki. Shida ni sifa. Mtu wiki ya pili tu anataka kilo 100 ili wenzake wamrekodi.

Dada Kocha, Uyole
Mleta mada, hujauliza huyo kijana anafanya kazi gani. Wengi wanaokuja kwangu jioni wametoka kupakia viazi kwenye fuso. Mtu kabeba magunia tangu alfajiri, mengine lumbesa (yaliyojazwa kupita kiasi), halafu umwambie leo ni siku ya dedilifti? Huyo nampa skwati mara mbili, na dedilifti nyepesi siku asiyokwenda sokoni. Muuza duka anayekaa kutwa, sawa, skwati apige tatu.

Halafu vyuma vyenyewe. Huku vingi ni zege lililomiminwa kwenye ndoo ya rangi ya lita 20. Upana wa duara lake ni kama sentimita 30, kwa hiyo bomba linakaa sentimita 15 tu toka chini. Pleti kubwa za mashindano (yale maduara ya uzito) zina upana wa sentimita 45, chuma kinakaa sentimita 22 na nusu. Hapo kwenye hizo sentimita saba na ushee zinazopungua ndipo anayeanza anapopinda mgongo, kisha tunasema dedilifti ndiyo mbaya. Laza tofali la kuchoma chini ya kila upande uone anavyonyooka.

Mleta mada
La tofali nimelichukua, dada. La mpakiaji bado. Kubeba gunia si skwati, goti halikunjwi kiasi kile. Ukimpunguzia siku, ataongezaje uzito?

Dada Kocha, Uyole
Ataongeza kwa wiki, si kila siku. Goti sawa, lakini kiuno kimeshafanya kazi toka asubuhi. Mwangalie Ijumaa: uzito wa Jumatatu ukimpanda kwa kusuasua, mwondolee Jumatano.

Mnyalu wa Ipogolo
Na ale. Kijana anashindia chai na maandazi mawili, ninyi mnabishania Jumatano.