Naomba ushauri: vekta ya Boda inakataliwa panapotakiwa vekta ya Chombo (C++)

Habari zenu wakuu. Niko Kampala, naandika programu kwa C++17 (toleo la lugha ya C++) ya kutunza hesabu za bodaboda wa steji yetu hapa Ntinda. Nina klasi Chombo, na Boda inairithi. Pikipiki zote ziko kwenye vekta (orodha) niliyoiita `boda`, ya aina `std::vector<std::shared_ptr<Boda>>`, lakini fanksheni ya kujumlisha mapato inapokea `const std::vector<std::shared_ptr<Chombo>>&`. (`shared_ptr` ni pointa inayohesabu ni wangapi wanashikilia kitu kimoja.) Kompaila inakataa katakata. Kinachonichanganya ni kwamba `shared_ptr<Boda>` moja moja inageuka `shared_ptr<Chombo>` bila ugomvi wowote.

Nimejenga vekta mpya kwa `boda.begin()` na `boda.end()`. Inakubali, ila inanakili orodha nzima na kuongeza kihesabio cha kila pointa, na fanksheni yenyewe inaitwa kila safari mpya ikiingizwa. Jamaa mmoja akanishauri `reinterpret_cast`, yaani kuilazimisha kompaila ichukulie aina moja kama nyingine. Ikapita, hata jumla ya shilingi ikatoka sawasawa, lakini roho yangu inasita.

Sasa, fanksheni hii inasoma tu, haiongezi kitu. Kuna njia salama ya kuipa vekta ya Boda bila kunakili? Na nikiigeuza iwe templeti (fanksheni moja inayopokea aina mbalimbali), itanisumbua siku nikiongeza klasi ya Matatu?

Natanguliza shukrani.