Tangazo la mnada liko gazetini, kijijini gazeti halifiki. Kwanini matangazo haya yasiwekwe mtandaoni tu?

mtu_wa_kilosa:
Wakuu habari za leo. Mjomba wangu alikopa benki moja, siitaji, akaweka rehani shamba lake huko Kilosa, biashara ikayumba akachelewesha marejesho, hapo sawa tatizo lake. Sasa juzi ndugu yetu wa Dar kanunua maandazi yakafungwa kwenye gazeti la zamani kidogo, kumaliza kula anaangalia karatasi anakuta tangazo la mnada, jina la mjomba hilo hapo, zimebaki siku 6! Yaani bila maandazi tusingejua. Kijijini kwetu gazeti halifiki kabisa. Hivi kwanini haya matangazo ya kisheria, minada, hati zilizopotea, mirathi, yasiwekwe kwenye tovuti moja mtu atafute kwa jina?

karani_mstaafu:
Pole sana mkuu. Mahakama inapenda gazeti kwasababu likishachapwa limechapwa, tarehe iko juu hapo, hakuna wa kurudi usiku kuibadilisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, ila itabidi uonyeshe taarifa imetunzwaje na haijachezewa, mwenye karatasi anaiweka mezani kamaliza. Lakini wewe kasome sheria ya madalali wa mnada, Sura ya 227, kifungu cha 12. Ardhi haiuzwi mnadani mpaka zipite siku zisizopungua 14 tangu itangazwe, na itangazwe mji mkuu wa wilaya NA pale pale mnada utakapofanyika, kwa Kiswahili na Kiingereza, tena sio kwa maandishi peke yake, imeandikwa kabisa kwa kupiga ngoma au njia nyingine ambayo asiyejua kusoma ataielewa. Ngoma, sitanii. Kwahiyo waulizeni waliotangaza kule kijijini walitangazaje.

dada_wa_dawati:
Nimekaa dawati la matangazo ya gazeti miaka kadhaa, tuseme ukweli tu, kurasa za minada na mirathi ndo zinalipa mishahara. Zabuni za serikali zimeshahamia NeST, ule mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, tangu 2023, ajira ziko Ajira Portal, tumebaki na madalali na waliopotelewa na hati. Mkihamisha na hayo tufunge ofisi. Ila mtoa mada una hoja, maana mara nyingi hela ya hilo tangazo inaingizwa kwenye gharama za mnada, yani mdaiwa analipia tangazo ambalo hajaliona.

Mpogoro halisi:
Haya tovuti ikawepo, nani anaamka asubuhi anaingia kutafuta kama shamba lake linauzwa? Gazeti la Serikali linatoka kila Ijumaa, TanzLII, ile tovuti ya sheria na hukumu, unalisoma bure, mkono juu aliyewahi kulifungua. Redio kila siku wanatusomea magazeti, habari za Simba na Yanga hawaachi hata moja, ukurasa wa minada umewahi kusikia unasomwa? Huku kwetu juzi limepita gari la spika linauza dawa ya panya, mpaka bibi yangu asiyesikia vizuri alitoka nje. Hiyo ndo ngoma ya sasa.

chitchat_mzee:
Benki ikitaka rejesho meseji inaingia mpaka saa nane usiku. Siku ya kuuza shamba namba yako wameipoteza 😂

mtu_wa_kilosa:
@karani_mstaafu asante sana mkuu, hiyo ya ngoma nilidhani unanitania nikaenda kuitafuta, kweli ipo. Nimempigia mwenyekiti wa kijiji, anasema hakuna gari lililopita, hakuna karatasi iliyobandikwa ofisini kwake, na yeye mwenyewe ndo anasikia kwangu. Nimemwomba aniandikie hivyo hivyo na mhuri apige. Kesho asubuhi tunaenda kwa wakili na kile kipande cha gazeti, kina mafuta ya maandazi ila tarehe inasomeka.