Yule "mwalimu" wa kuputi leo kanichefua, jamani

Wakuu, habari za jioni, japo yangu imeshaharibika.

Yule bwana mnamjua, simtaji. Anayejifanya bingwa wa kuputi, yaani kuusukuma mpira uingie shimoni, kwenye gofu ya simu, anayefundisha kila mtu hapa Dodoma kuanzia Ipagala hadi Nkuhungu kama vile nyasi za grini, zile fupi za kuzunguka shimo, alizipanda yeye. Huyo huyo.

Leo kaniandikia, MPIRA BADO UNAVIRINGIKA: "Rudi ukavune zabibu." Mpira haujasimama! Haujasimama jamani!

Shimo la mwisho, futi nne, grini imelalia kulia. Wiki nzima ananiimbia "gusa kidogo tu, mpira ufie mdomoni mwa shimo." Nikagusa kidogo. Ukaenda vizuri, ulipoishiwa mwendo ukaserereka kulia, ukalamba ukingo, ukapita. Mpira ukienda polepole ndipo mteremko unaubeba zaidi! Puti fupi kama ile unaipa nguvu ya kupita shimo kama futi moja na nusu, unalenga ndani, basi. Yeye mwenyewe ndivyo anavyopiga, nimemwangalia kwa macho yangu.

Na ile sentensi alishaiandika zamani, maana imeingia kabla mpira haujafika ukingoni. Mtu anakaa na tusi mkononi, anasubiri! Shimo lenyewe upana wake milimita 108, mpira bado unatembea, mtu ananituma zabibu!

Simchezi tena hata aje kwa magoti kutoka Bahi.

Mtu wa Makole: Pole mkuu. Mimi aliniambia nirudi nikachunge. Huyo ana orodha.

Zabibu Kavu: Futi nne unakosa halafu unafungua uzi? Bibi yangu kule Kondoa anaingiza hiyo amefumba macho.

Mleta uzi: Hujasoma. MPIRA ULIKUWA UNATEMBEA.

Kaka wa Kisasa: Nukta za kwenye gridi, ile mistari ya mchezo inayoonyesha mteremko, zikikimbia, mteremko ni mkali. Uliziangalia?

Mleta uzi: Niliziangalia! Shida siyo nukta, shida ni yule bwana!

Mama Wawili: Afadhali nyie mna bando. Langu la wiki limekata hata Jumatano haijafika, na gofu sichezi.

Zabibu Kavu: Bando tena? Njoo Nzuguni, umeme ukikatika na vumbi hili utalia.

Mtu wa Makole: Vumbi la Nzuguni liache. Nilianika shuka nyeupe asubuhi, saa nane naanua kaki.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwa yule bwana.

Mama Wawili: Shuka nyeupe Nzuguni unaanika ndani, kaka. Nani alikwambia uanike nje?