Naombeni ushauri: projekti za CBC (mtaala wa umilisi hapa Kenya), mzazi asaidie hadi wapi?

Wazazi wenzangu habari zenu. Nina mtoto wa gredi ya 4 na juzi waliambiwa watengeneze kayamba, sasa yeye akakata katoni, akajaza mbegu za maharagwe, akafunga na gundi na uzi, akaichezesha hapa nyumbani akageuza geuza katoni hadi akapata sauti anayoitaka. Mimi nilimshikia tu makasi. Kufika shule akakuta wenzake wameleta kayamba za matete safi kabisa zimetengenezwa na fundi, na hizo ndizo zilizopata maksi za juu, akarudi ananiambia mama na wewe uninunulie.

Iliniuma sana. CBC ilipoanza 2019 tuliambiwa mtoto ajifunze kwa mikono yake na mzazi ashirikiane na shule, lakini kushirikiana si kumfanyia kazi jameni, huyu mtoto sasa anajua mbegu chache zinalia vipi na nyingi zinalia vipi, yule wa kununuliwa amejifunza nini? Shida ni kwamba kuanzia hii gredi ya 4 alama za shuleni zinahesabiwa hadi KPSEA, yaani tathmini ya kitaifa ya gredi ya 6, ndio maana baba yake anasema tutafute fundi tu.

Walimu mlio humu, mnaangalia nini mkitoa maksi? Na nimwendee vipi mwalimu wake bila kuonekana nimekuja kugombana? Projekti ijayo ni wiki ijayo, kusuka mkeka.